Nyumba Isiyotoa Moshi

Kila alfajiri, kabla hajashika maji ya kutawadha, Rabia alishika ukuta. Aliupapasa kwa kiganja kuanzia usawa wa mto hadi pale mbao zilipokutana na sakafu, taratibu, jinsi mama anavyopapasa paji la uso la mtoto aliyelala na homa. Kiganja kikirudi na majimaji, siku ilikuwa imeshamharibikia. Na katika miezi ya mvua, huko juu ya Titye, kijiji cha vilima vya Kasulu, ambako ukungu hushuka jioni ukalala hadi jua lipande sana, kiganja kilirudi na majimaji kila siku.

Kwa mbali nyumba ile ilipendeza. Ilijengwa kwa mbao za paina na watu wa mradi mmoja wa kupanda miti, waliokuja na mashine zao za kupasulia magogo, wakakaa miaka michache, kisha wakaondoka na kila kitu isipokuwa nyumba. Ilisimama juu ya nguzo fupi kwenye ukingo wa shamba la miti, paa la bati, dari ya mbao, sakafu ya mbao, na sebuleni palikuwa na meko ya mawe yenye dohani iliyotokeza juu ya paa. Hakuna mtumishi mwenyeji aliyeitaka, kwa hiyo akapewa mgeni: afisa nyuki mpya, mwanamke wa Pangani, aliyefika mwanzoni mwa mwaka 2013 na masanduku mawili na mtoto mmoja. Watu walimwita Bibi Nyuki. Walimpungia mkono barabarani kwa heshima zote, wakampita, na hakuna aliyewahi kupanda njia ya kwenda kwake.

Aliyajua maudhi ya nyumba ile moja moja. Chumvi iligeuka uji ndani ya kopo. Njiti za kiberiti zilivunjika vichwa bila kuwaka. Viatu alivyoacha chini ya kitanda wiki moja aliviokota vimeota manyoya ya kijani. Mlango wa chumbani ulivimba hadi ukataka kusukumwa kwa bega, na Msahafu wake aliuzungushia nailoni juu ya kitambaa, na bado kurasa zilijikunja. Hayo yote angeyavumilia. Mtu aliyekulia karibu na bahari haogopi kitu kuota kutu.

Asichokivumilia ni kile kilichompata Siti. Masika ya kwanza, mtoto akiwa na miaka saba, alianza kukohoa, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, na Ijumaa moja mchana alibanwa hata midomo ikabadilika rangi. Rabia alimbeba mgongoni hadi barabarani, akapata gari la mtu aliyekuwa akipeleka mihogo Kasulu. Daktari aliyemhudumia alikuwa mpole na hakuficha neno. Alisema mtoto ana pumu, na mahali anapolala panamla. Mwezi haukwisha, mama yake Rabia akaja kutoka Pangani, akazunguka nyumba nzima akinusa kama mtu anayetafuta samaki aliyeoza, kisha akamfunga mjukuu wake kanga kichwani tayari kwa safari.

“Nyumba hii ikikauka, nitakuletea mtoto mwenyewe kwa mkono wangu,” alisema mama yake. “Isipokauka, mwanangu, usiniombe.”

Basi ikawa hivyo. Kwa Rabia, kukausha ile nyumba na kumrudisha Siti likawa jambo moja, na hakuwa na jingine. Na baba wa mtoto walishaachana zamani, kwa wema, naye alikuwa na watoto wengine. Kuhama kituo aliomba akaambiwa asubiri. Nyumba nyingine ya mtumishi haikuwapo. Zilibaki mbao zile na mikono yake.

Kiangazi cha mwaka ule hakupumzika. Alizuia upepo popote ulipopita. Aliziba kila upenyo kati ya mbao kwa matambara na magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi. Fundi Obedi, seremala wa Titye, alimshauri apake oili chafu ya magari nje na ndani, dawa ya mchwa na maji kwa pamoja. Rabia alipofikiria harufu ile puani mwa Siti alikataa, wakakubaliana rangi ya mafuta, na kuta zote za ndani zikapakwa samawati, rangi aliyoipenda mtoto. Chini ya sakafu, kati ya nguzo na nguzo, alijengesha matofali pande zote ili baridi isipande miguuni. Na meko yale ya mawe, ambayo aliyaona kama mdomo ulioachwa wazi, aliyaziba kwa godoro kuukuu lililofungwa ndani ya nailoni. Moshi hakutaka hata kuusikia. Alipikia barazani kwa mkaa, upande wa upepo, na nguo alizotoka nazo kwenye mizinga alizivulia hukohuko nje, kwa sababu kazini alishinda katikati ya moshi wa kutulizia nyuki na aliapa hautavuka kizingiti.

Kazi ilipokwisha alisimama katikati ya sebule akaona nyumba imetulia, haina mlio wala upepo. Alifurahi sana. Alimpigia mama yake akamwambia, mwaka ujao, inshallah.

Mvua zikaanza Novemba. Kufikia Januari rangi ya samawati ilikuwa imeota malengelenge, na ukilitoboa moja kwa ukucha lilitoa maji. Harufu ya ukungu, ile aliyodhani ameizika, ilirudi nene kuliko mwanzo. Rabia alifuta kuta asubuhi na jioni. Alikamua tambara, akafuta tena. Kuna siku alikaa kitandani tambara mkononi akalia, si kwa uchungu mkubwa, bali kwa uchovu, na hapakuwa na mtu wa kumsikia wala wa kumwuliza kulikoni. Hilo la kukosa wa kumwuliza ndilo lililomliza zaidi.

Upweke wake alikuwa ameshaupa sababu. Aliamini watu hawaji kwake kwa kuwa yeye ni Mswahili wa pwani, mwenye dini yake na mtandio wake, katikati ya Waha na Warundi wanaokwenda kanisani. Nyumba ya jirani ilikuwa hatua chache tu kuteremka, ya mwanamke aitwaye Esteria, mama wa Pasikali, na kila Rabia alipopita, Esteria aliinua mkono akasema salamu yake, kisha akainamia maharage yake. Rabia naye aliinamia safari yake. Kila mmoja alidhani anamheshimu mwenzake.

Februari, Isack, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, alimwita akaone mzinga uliohamwa. Mzinga wenyewe ulikuwa wa kisasa, wa mbao, na Isack alikuwa ameutunza kuliko mingine yote. Alikuwa ameusiliba udongo kila penye ufa, ameuvika nailoni juu ya mfuniko, na tundu la kuingilia amelibana hadi nyuki mmoja apite kwa kujipenyeza. Rabia akaufungua. Matone ya maji yalining’inia chini ya mfuniko, mazito, yamejipanga. Masega yalikuwa meusi kwa kuvu. Ndani hapakuwa na mdudu hata mmoja.

“Nilitaka wasipate baridi,” Isack alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

“Baridi nyuki wanaijua,” Rabia alianza, kwa ile sauti yake ya semina. “Wakikaa pamoja wanajipasha wenyewe. Lakini wanapumua, na pumzi ni maji. Sasa wewe umewafungia pumzi zao. Umeziba huku, umeziba huku, chini umeziba, maji yakikosa pa kutokea—”

Mfuniko ulikuwa bado mkononi mwake na tone moja lilidondoka juu ya kiatu chake. Isack alisubiri amalizie, na alipoona hamalizii akauliza kwa upole kama kuna nyoka.

“Hakuna,” Rabia alisema. “Umefanya kama mtu yeyote angefanya. Hata mimi.”

Aliporudi nyumbani hakula. Alianza na matofali ya chini ya sakafu, akayabomoa kwa nyundo na jembe hadi hewa ikapita na harufu ya kaburi ikatoka. Siku zilizofuata aling’oa matambara, akakwangua rangi ya samawati ubao kwa ubao, na hiyo ndiyo iliyomuuma, kwa sababu alikuwa akibandua kitu alichompakia mtoto. Alivuta kitanda na makabati yakaacha ukuta. Alijifunza kufungua madirisha ukungu unapoinuka na kuyafunga kabla haujashuka. Mwishowe alisimama mbele ya meko. Alilivuta lile godoro, nalo lilikuwa limeoza mgongoni, akalitupa. Alisafisha dohani kwa mti mrefu wenye tawi la majani, akapanga kuni kavu alizonunua, akawasha. Alijiambia atakausha sasa, miezi hii, na Juni mtoto akija atazima na kuacha nyumba ijipepee. Moto ukashika. Dohani ikavuta vizuri, moshi wote ukapanda juu, na mbao zikaanza kutoa milio midogo kila upande, moja baada ya nyingine.

Asubuhi iliyofuata alisikia miguu barazani, kisha salamu ya asubuhi ya wenyeji.

“Mwakeye, mama.”

Alikuwa Esteria, kikapu kichwani, ameshavua kandambili. Rabia, kwa mshangao, alisahau kumkaribisha, na Esteria hakusubiri kukaribishwa. Aliingia, akakaa kwenye mkeka karibu na moto, akatua kikapu na kuanza kumenya maharage mabichi kama mtu aliyeacha kazi hiyo jana mahali palepale.

“Tumeona moshi,” alisema. “Nikamwambia mume wangu, kumbe kuna mtu.”

“Mimi nipo hapa mwaka wa pili huu, Mama Pasikali.”

“Ego, ndiyo, upo. Barabarani tunakuona. Lakini nyumbani?” Alibandua ganda, akalitupia motoni. “Huku kwetu, asubuhi ukiona nyumba haitoi moshi, hupigi hodi. Mwenyewe kasafiri, au kuna jambo, au hataki watu. Unamwacha. Sisi tulisema, huyu Bibi Nyuki ni mtu wa ofisi, hataki watu. Tukakuacha.”

Rabia alikaa chini. Alitaka kucheka, akaona akicheka atalia. Mwaka mzima alikuwa amepikia barazani kwa mkaa usiotoa moshi, amejisifu kwa usafi wake, na kila asubuhi paa lake lilikuwa likiwaambia watu wasije.

“Nilidhani ni kwa sababu ya dini,” alisema.

Esteria alimwangalia, haoni inahusu nini. “Dini imefanyaje?”

Ndipo Rabia akamweleza. Alimweleza ukungu, pumu, Ijumaa ile, gari la mihogo, daktari. Esteria aliacha kumenya.

“Una mtoto?”

“Siti. Yuko kwa bibi yake.”

“Yule mdogo wa siku zile ni wako? Sisi tulisema ni mdogo wako wa kuzaliwa, kaja kukusindikiza tu.” Esteria alitikisa kichwa pole pole, kisha akasema, “Pole, Mama Siti.” Hakuna aliyekuwa amemwita Rabia jina hilo tangu mtoto aondoke. Alishukuru kwa sauti ndogo akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Toka siku hiyo Esteria alikuja karibu kila asubuhi asiyokwenda shamba, na nyuma yake wakafuata wanawake wengine wawili watatu, kila mmoja na kazi yake mkononi. Hawakuongea sana. Esteria alikuwa na dada zake watatu waliokaa kambi ya wakimbizi ya Mtabila hadi ilipofungwa, wakarudishwa Burundi, yeye akabaki kwa kuwa aliolewa nje ya kambi. Alisimulia hilo mara moja tu, akiwa anapepeta mtama, na hakulirudia. Rabia alimwandalia chai ya tangawizi. Na mbao zikaendelea kukauka. Machi, katikati ya mvua, mlango wa chumbani ulifunguka kwa kidole.

“Mtoto akija nitaacha kuwasha,” Rabia alimwambia siku moja. “Moshi hata ukipanda, kidogo hubaki.”

Esteria alifikiri. “Basi tutajuaje kama upo?”

“Njooni tu. Mnajua nipo.”

“Ego,” Esteria alisema, kwa adabu, kama mtu anavyokubali jambo ambalo hatalifanya. Rabia aliliona hilo likamchoma, lakini hakuyumba. Kati ya mtoto na mkeka uliojaa watu hapakuwa na la kuchagua. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwalimu Crispin, akapata nafasi ya darasa la pili kwa mtoto anayehamia. Akampelekea fundi kitambaa cha sare. Kitanda cha Siti alikipanga mbali na ukuta, kikapata jua la asubuhi kupitia dirisha, na kwa mara ya kwanza chumba kile kilinuka mbao tu.

Mwishoni mwa Mei mvua zilipokatika alipiga simu Pangani. Ilikuwa jioni, Esteria yupo mkekani na ungo wake. Rabia alimwamkia mama yake, akamweleza yote, nguzo hadi dohani, na mama yake alisikiliza bila kukatiza.

“Umekausha kweli?”

“Nimekausha, mama. Chumvi inamwagika kama mchanga.”

“Neno langu ni lilelile. Shule zikifungwa Juni, namleta. Zungumza naye mwenyewe, yupo hapa ananivuta kanga.”

Sauti ya Siti ilikuwa imekua. Ilikuwa na lafudhi ya Pangani tupu sasa, maneno yamelainika mwisho, jinsi Rabia mwenyewe alivyosema utotoni.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Umesikia? Nyumba imekauka. Unakuja.”

“Nimesikia.” Nyuma yake mtoto mwingine alikuwa akiita jina lake, na Siti akamwambia, ngoja, nazungumza. “Mama, nikija nitarudi lini?”

Rabia alikuwa amelijibu swali la pumu, la moshi, la shule, la nani atakaa naye mchana. Hilo hakuwa amelifikiria hata mara moja. Alitazama kitanda kupitia mlango uliokuwa wazi, na sare mpya iliyotundikwa juu yake, mikunjo ya pasi bado imesimama. Angeweza kusema, hurudi. Alikuwa na haki hiyo, mama yake alishaikubali, mwalimu mkuu alishamwandika. Neno lilikuwa mdomoni, lakini lilimkumbusha nailoni ambayo Isack aliuvika mzinga wake, naye akalimeza.

“Unataka kurudi lini?”

“Shule zikifunguliwa,” Siti alisema haraka, kisha akaogopa kuwa amekosa adabu, sauti ikashuka. “Tuna maulidi madrasa. Mimi niko mbele. Na Bibi hawezi kusoma vibandiko vya dawa zake, mimi ndiye namsomea.”

“Basi utarudi shule zikifunguliwa.”

“Kweli?”

“Kweli.”

Na hapo mtoto akafunguka. Maneno yakamtoka mbio, ya kaswida, ya paka aliyezaa stoo, ya jino lililotoka, ya viatu atakavyovaa safarini, na Rabia alisikia furaha yake yote na alijua furaha hiyo imetoka wapi. Alisema eeh, alisema hongera, alicheka panapochekwa. Machozi yalimshuka bila sauti na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulishika simu na mwingine ulishika mwimo wa mlango. Esteria aliweka ungo chini. Alisogea tu kwenye mkeka akabaki ameketi amemwelekea.

“Mama, Bibi anauliza tukuletee nini kutoka nyumbani?”

Rabia alivuta pumzi. “Nileteeni nazi.”

“Ngapi?”

“Mbili zinatosha.” Kisha macho yake yakakutana na ya yule mwanamke mkekani. “Hapana. Lete nne. Kuna mama hapa hajawahi kuonja wali wa nazi.”

“Bibi,” Siti aliita, sauti ikienda mbali na simu, “mama anataka nazi nne, ana mgeni.”

“Si mgeni,” Rabia alisema, lakini mtoto alikuwa ameshaiacha simu juu ya kitu fulani kigumu, na kilichosikika kutoka Pangani ilikuwa miguu yake ikikimbia.